Karatasi, kreti, tepu au kuzidisha: njia ipi imfae mtoto anayejifunza sehemu zenye thamani sawa?

Muuza sukari wa Mwanjelwa akikosa jiwe la nusu kilo huweka mizani mawe mawili ya robo, na hakuna mteja anayelalamika. Mtoto aliyetumwa dukani analiona hilo na kulikubali. Mtoto huyohuyo akiulizwa darasani kama 2/4 ni sawa na 1/2, anajibu kwamba 2/4 ni kubwa "kwa sababu namba zake ni kubwa". Alichokiona kwa macho hajakiunganisha na maandishi. Kazi ya mwalimu, au ya mzazi anayekaa na mwanawe jioni, ni kuchagua njia itakayoviunganisha.

Njia zenyewe ni nyingi: kukata chapati, kukunja karatasi, kupanga chupa kwenye kreti, kuchora mstari wa namba, na ile ya ubaoni ya kuzidisha juu na chini kwa namba moja. Kihesabu zote ni sahihi. Lakini kila moja ina kazi yake, na mtoto akipewa isiyolingana na tatizo lake huishia kukariri tu. Hapa tunazilinganisha moja baada ya nyingine, tukitaja inapofaa na inapovunjika.

Kwanza, neno "sawa"

Kiswahili chenyewe kina mtego hapa. Tunasema "gawanya mkate katika sehemu nne sawa", na tunasema pia "1/2 na 2/4 ni sehemu sawa". Katika sentensi ya kwanza, vipande vya mkate vinalingana ukubwa. Katika ya pili, sehemu mbili za hesabu zina thamani moja ingawa vipande vyake havilingani hata kidogo. Mtoto akizisikia zote ndani ya kipindi kimoja huchanganya, kisha huandika kwamba 1/4 na 2/4 ni sawa kwa kuwa "robo zote zinalingana". Tiba yake ni ndogo: vya mkate viite vipande vinavyolingana, za hesabu ziite sehemu zenye thamani sawa, na usibadilishe majina hayo mpaka yazoeleke.

Kwa upande mwingine lugha yetu inatubeba. "Robo tatu" inataja kipande kwanza, kisha idadi, kama vile "viazi vitatu". Theluthi mbili (2/3) na thumni tano (5/8) ni hivyohivyo. Mtoto anayesoma 3/4 kama "tatu juu ya nne" anaona namba mbili zilizobebana; anayesoma "robo tatu" anasikia kipande na hesabu yake. Asili, yaani namba ya chini, inataja aina ya kipande. Kiasi, namba ya juu, kinahesabu vipande hivyo. Hilo likikaa kichwani, nusu ya safari imekwisha.

Chapati dhidi ya kanda za karatasi

Chapati ndiyo mfano unaowajia watu wengi kwanza, nasi tunashauri utumike kwa nusu na robo tu. Theluthi ya duara hukatwa kwa kubahatisha. Sehemu za tano zinadai pembe ya nyuzi 72 kwa kila kipande, na hiyo ni kazi ya kipimapembe, si ya kisu cha jikoni. Kisu kikipinda kidogo, 2/6 hutoka kubwa kuliko 1/3, na mtoto huamini macho yake kuliko maneno yako. Tena chapati mbili za kikaangio kimoja hazilingani ukubwa. Nusu ya hii na robo mbili za ile haziwezi kulinganishwa, kwa sababu kizima si kimoja. Ni kosa lilelile la kulinganisha nusu debe la viazi vya Uyole na nusu gunia: zote ni nusu, lakini mzigo si mmoja.

Kanda za karatasi zinaondoa shida hizo zote kwa gharama ya karatasi moja ya A4. Karatasi hiyo ina upana wa sm 21 na urefu wa sm 29.7. Punguza urefu ubaki sm 24, kisha kata kwa marefu kanda zenye upana wa sm 3. Zitatoka saba kamili. Wa kwanza uache mzima. Wa pili utie alama kwenye sm 12, upate nusu. Wa tatu kila sm 8, upate theluthi. Wa nne kila sm 6, robo. Wa tano kila sm 4, sehemu za sita. Wa sita kila sm 3, thumni. Wa saba kila sm 2, sehemu za kumi na mbili. Urefu wa 24 si wa bahati nasibu: namba hiyo inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila baki. Ukibakiza sm 25 utahangaika na milimita hadi jioni.

Pima kwa rula kwanza, ndipo ukunje kwenye alama. Anayekunja kwa macho hupata nusu, robo na thumni nzuri, kwa sababu ni kukunja mara mbili tena na tena, lakini theluthi humshinda. Ukishakunja kunjua, uilaze karatasi. Ukanda ulioachwa na mikunjo kumi na moja hujikunyata ukawa mfupi, na 12/12 huonekana pungufu ya 1.

Panga kanda zote saba moja chini ya nyingine, ncha za kushoto zikianzia mstari mmoja. Simamisha rula wima kwenye sm 12. Inapita juu ya 1/2, 2/4, 3/6, 4/8 na 6/12 kwa mpigo mmoja. Isogeze hadi sm 16: inapita juu ya 2/3, 4/6 na 8/12. Hapa usiharakishe. Mwulize mtoto rula imepita wapi kwenye ukanda wa robo na wa thumni. Imekata katikati ya kipande. Maana yake theluthi mbili haiwezi kuandikwa kwa robo kamili wala kwa thumni kamili, na mtoto ameligundua hilo mwenyewe bila kanuni yoyote. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoonyesha "haiwezekani" kwa uwazi namna hiyo.

Udhaifu wa seti hii ni kwamba haina sehemu za tano wala za kumi. Kwa hizo tengeneza seti nyingine ya sm 20: nusu ni sm 10, robo sm 5, sehemu ya tano sm 4, ya kumi sm 2. Na kanda zina kikomo. Hakuna atakayekunja 1/48.

Kreti ya soda na trei ya mayai

Kreti ya soda ina vyumba 24, safu 4 za chupa 6. Trei ya mayai ina matundu 30, safu 5 za 6. Hivi ni vielelezo vya hesabu vilivyokwisha kutengenezwa, na karibu kila duka la mtaani linavyo. Trei tupu jaza vizibo au punje kubwa za mahindi, mayai yaache.

Jaza safu 2 za kreti kati ya 4. Hiyo ni 2/4, na chupa ni 12 kati ya 24. Sasa geuza kreti ili uone safu 6 za chupa 4, upange upya chupa zilezile 12 zijaze safu 3. Imekuwa 3/6, na chupa hazijaongezeka wala kupungua. Kwenye trei, safu 2 kati ya 5 ni vizibo 12, yaani 2/5 = 12/30. Safu 3 ni 18/30. Ukiigeuza, safu moja kati ya 6 ni 5/30. Sehemu za tano na za kumi, ambazo ukanda wa sm 24 ulishindwa, hapa zinatoka bila taabu, na mtoto anazoea asili kubwa kama 24 na 30 mapema.

Hatari yake ni kwamba mtoto anahesabu chupa na kusahau kizima. Ataona 12 kwenye kreti na 12 kwenye trei, aseme ni sawa. Kila anapotaja idadi mwulize "kati ya ngapi?" mpaka aseme mwenyewe. Kwa sababu hiyo kreti isitangulie kanda. Ukanda unamwonyesha kizima muda wote, kreti inakificha nyuma ya chupa.

Mstari wa namba na tepu ya fundi

Kanda na kreti zinaonyesha sehemu kama kipande cha kitu. Mstari wa namba unaonyesha kwamba sehemu ni namba, ina mahali pake pamoja kati ya 0 na 1, na kwamba 1/2, 2/4 na 4/8 ni majina matatu ya mahali hapo. Bila wazo hili mtoto atakwama baadaye kwenye desimali.

Watoto wa Mafinga na vijiji vya karibu na misitu ya Sao Hill wanao mstari wa namba karibu: tepu ya fundi seremala. Upande wa inchi, kila inchi imegawanywa mara 16. Kijiti, yaani kistari cha alama, cha nusu ni kirefu, cha robo kifupi zaidi, cha thumni kifupi tena, cha 1/16 kifupi kuliko vyote. Kijiti cha nusu inchi ni 1/2, ni 2/4, ni 4/8, ni 8/16, na ni kijiti kimoja. Fundi akiambiwa 6/8 ya inchi anatia alama kwenye robo tatu moja kwa moja. Upande wa pili wa tepu sentimita imegawanywa mara 10, na hapo 5/10 inakutana na nusu, 4/10 inakutana na 2/5.

Lakini tepu ya inchi haina theluthi, kwa sababu imejengwa kwa kugawanya mara mbilimbili tu. Kwa theluthi chora mstari kwenye daftari la miraba, urefu wa miraba 12 kutoka 0 hadi 1.

Kosa la mstari ni moja na linajirudia kila darasa: mtoto anahesabu vijiti badala ya hatua. Akitaka robo huchora vijiti vinne pamoja na cha 0 na cha 1, akapata hatua tatu, yaani theluthi. Robo zinahitaji vijiti vitano. Mfanye aruke kwa kidole na kuhesabu miruko.

Kwa anayetaka kuchagua haraka kati ya vielelezo:

| Kielelezo | Asili zinazofaa | Kosa la kuangalia | Kitumie kwa |
|---|---|---|---|
| Chapati | 2, 4 | Vipande visivyolingana | Mtoto anayeanza kabisa |
| Ukanda wa sm 24 | 2, 3, 4, 6, 8, 12 | Ncha zisizoanzia pamoja | Kuona kwa nini thamani ni moja |
| Kreti, trei | 2, 3, 4, 5, 6, 10, 24, 30 | Kusahau kizima | Kuzoea asili kubwa |
| Tepu ya inchi | 2, 4, 8, 16 | Kuhesabu vijiti | Sehemu kama namba |
| Mstari wa miraba 12 | 2, 3, 4, 6, 12 | Kuhesabu vijiti | Kulinganisha na kupanga |

Kuzidisha kiasi na asili

Hii ndiyo njia ya mtihani, na ndiyo pekee isiyo na kikomo. 3/5 ukizidisha juu na chini kwa 4 unapata 12/20. Kwa 7, 21/35. Inachukua sekunde chache. Ubaya wake ni kwamba mtoto anaweza kuifanya mwaka mzima bila kujua kwa nini inakubali, na siku akisahau hana pa kurudi.

Sababu ionyeshe kwenye ukanda wa theluthi. Kata kila theluthi vipande 4. Theluthi 2 ulizokuwa nazo zimekuwa vipande 8, na kizima chenye theluthi 3 kimekuwa vipande 12. Vipande vimeongezeka mara nne, kila kimoja kimepungua mara nne, karatasi ni ileile. Kwa maandishi ni 2/3 × 4/4, na 4/4 ni 1. Kitu kikizidishwa kwa 1 hakibadiliki. Mtoto anayesema "umeifanya kuwa kubwa mara nne" amechanganya kuzidisha kwa 4 na kuzidisha kwa 4/4. Mpe karatasi akate.

Kosa linaloharibu zaidi ni la kujumlisha: 2/3, ongeza 2 juu na 2 chini, upate 4/5. Ukizipeleka zote kwenye asili ya 15, ya kwanza ni 10/15 na ya pili ni 12/15. Kosa hili mara nyingi tunalizalisha sisi wenyewe tunaposema "unachofanya juu, fanya na chini". Kujumlisha nako ni kufanya juu na chini. Sema zidisha, au gawanya, na usiseme fanya.

Swali la namba iliyokosekana, kama 3/8 = ?/40, lina hatua mbili: 40 ÷ 8 = 5, kisha 3 × 5 = 15. Ila wengi hukwama kwenye 4/6 = ?/9. Tisa haigawanyiki kwa 6, mtoto anaandika "haiwezekani". Inawezekana, ila lazima ushuke kwanza ndipo upande: 4/6 ni 2/3, na 2/3 ni 6/9. Hapo kuzidisha peke yake hakutoshi, kunahitaji mwenzake.

Kurahisisha: njia tatu za kushuka

Kurahisisha ni kutengeneza sehemu yenye thamani ileile kwa namba ndogo kabisa. Tuchukue 84/126.

Kugawanya kidogokidogo: kwa 2 unapata 42/63, kwa 3 unapata 14/21, kwa 7 unapata 2/3. Kila hatua ni nyepesi na kosa linaonekana. Tatizo ni kuacha njiani. Mtoto mwenye 36/48 hufika 18/24, kisha 9/12, akaona 9 haigawanyiki kwa 2, akaweka kalamu chini. Bado ilikuwa inagawanyika kwa 3, ikawa 3/4. Mzoeze kujaribu 2, 3, 5 na 7 kwa mpangilio huo kabla ya kusema amemaliza.

Kwa KKS, yaani Kigawo Kikubwa cha Shirika, namba kubwa kabisa inayozigawanya zote mbili bila baki: 84 = 2 × 2 × 3 × 7, na 126 = 2 × 3 × 3 × 7. Vya shirika ni 2, 3 na 7, zao lake 42. Gawanya mara moja, 84 ÷ 42 = 2 na 126 ÷ 42 = 3. Ni safi, lakini kwa asili ndogo ni kazi ya bure. Kwa 6/8 hakuna haja ya kuandika vigawo vyote.

Kutoa: njia ya Euclid, Mgiriki aliyeishi miaka kama 2300 iliyopita, na inastahili kufundishwa zaidi. Toa ndogo kwenye kubwa, rudia mpaka namba mbili zilingane. 126 − 84 = 42, kisha 84 − 42 = 42. Zimelingana, KKS ni 42. Nguvu yake utaiona kwenye 91/119, sehemu ambayo watoto wengi huiacha wakidhani 91 ni namba tasa. 119 − 91 = 28; 91 − 28 = 63; 63 − 28 = 35; 35 − 28 = 7; na 28 ukiitoa 7 mara tatu unabaki na 7. Gawanya kwa 7 upate 13/17. Hujahitaji kukisia kigawo hata kimoja.

Njia ya nne ipo na ni ya kukataza: kufuta tarakimu zinazofanana. Katika 16/64, kufuta 6 juu na chini kunatoa 1/4, na kwa bahati ni jibu sahihi. Katika 12/24, kufuta 2 kunatoa 1/4 pia, wakati jibu ni 1/2. Mtoto aliyefaulu mara moja kwa bahati huwa mgumu kuachana nayo, kwa hiyo mwekee mifano hiyo miwili pamoja.

Kuhakiki kama sehemu mbili zina thamani sawa

Je, 15/20 na 18/24 ni sawa? Ukizirahisisha, zote ni 3/4. Ukizidisha mshazari, 15 × 24 = 360 na 20 × 18 = 360, kwa hiyo ni sawa. Mshazari ni wa haraka na haudai kufikiri vigawo, lakini haukuambii thamani yenyewe ni ipi. Kurahisisha kunakuambia. Kwa kusahihisha kazi iliyokwisha tumia mshazari. Kwa kujifunza rahisisha. Na mtoto ajue kwamba mshazari ni kuzipeleka sehemu zote kwenye asili moja, hapa 20 × 24 = 480, na kulinganisha viasi tu: 360/480 na 360/480.

Kuchagua kwa kuangalia kosa

Usichague njia kwa darasa analosoma mtoto. Mpe maswali manne uone anavyokosea.

Mwulize ipi kubwa, 1/2 au 2/4. Akichagua 2/4, hajaona bado: mpe kanda, na ubao uache kwa siku kadhaa.

Mchoree mstari wa 0 hadi 1 wenye hatua 8, mwambie aweke 3/4. Akiweka kwenye kijiti cha tatu, anahesabu bila kuuliza kizima kimegawanywa vipi. Hapo tepu au mstari wa miraba utamsaidia kuliko kreti.

Mpe 2/3 = ?/12. Akiandika 11, amejumlisha 9 juu na chini. Mrudishe kwenye kanda, aone 11/12 inavyokaribia kizima huku 2/3 ikiwa imebaki sm 8 nyuma ya kizima. Kisha ndipo umfundishe kuzidisha, kwa neno "zidisha".

La mwisho ni 4/6 = ?/9. Akiandika 7, ni kujumlisha tena. Akisema haiwezekani, kuzidisha anakujua ila kurahisisha bado. Mfundishe kugawanya kidogokidogo. Akijibu 6, mwulize ameipataje. Anayesema "4/6 ni theluthi mbili, na theluthi mbili ya 9 ni 6" hahitaji tena karatasi wala kreti. Mpe 91/119.